Mvukuto, Boila na Seli ya Fueli: Historia ya Nguvu Iliyosukuma Meli za Mwanza

Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement juu ya kilima cha Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, yana nyumba ambayo wageni wengi huipita haraka wakiwahi ngoma na viti vya enzi vya watemi. Ni nyumba ya mhunzi. Anayetaka kujua kwa nini meli za Ziwa Viktoria zilianza kwa kuni, zikahamia dizeli, na kwa nini leo wahandisi wanazungumzia haidrojeni, inafaa aanzie hapo, kwa sababu mhunzi ndiye wa kwanza katika nchi hii kulijibu swali ambalo bado halijaisha: katika moto ule unaouwasha, ni sehemu gani inafanya kazi uliyoikusudia, na ni sehemu gani inapotea hewani?

Kabla ya meli: mkaa na hewa

Kusini mwa ziwa, upande wa Geita, wayeyushaji chuma waliosifika ni Warongo. Walichimba mawe ya chuma, wakachoma mkaa wao wenyewe, wakayayeyusha mawe katika tanuru la udongo huku vijana wakifukuta mivukuto kwa zamu tangu asubuhi. Majembe yaliyotoka humo yalilima Usukuma na kulipia mahari. Lakini tanuru lilikuwa na njaa isiyoshiba: uzito wa mkaa ulioteketea ulikuwa mara kadhaa ya uzito wa chuma kilichopatikana, na mkaa huo nao ulikwisha kula mti mara nyingi ya uzito wake. Mrongo aliyejua kupanga mirija ya hewa vizuri alikata miti michache kuliko jirani yake. Ufanisi haukuwa somo la darasani. Ulipimwa kwa shoka na kwa umbali wa kubeba magogo.

Ng'ambo ya magharibi, Buhaya, mafundi walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja iliyowashtua wengi: kwamba zaidi ya miaka 1,500 iliyopita wahunzi wa pwani hiyo ya ziwa waliiingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya tanuru, hewa ikapata moto ikiwa bado njiani, kabla ya kukutana na mkaa. Hewa ya moto haiibi joto la tanuru, kwa hiyo mkaa uleule hufika mbali zaidi. Katika viwanda vya Ulaya mbinu ya kupuliza hewa iliyopashwa moto ilipata hataza mwaka 1828 tu, kwa James Neilson wa Scotland. Wapo wataalamu waliopinga, David Killick akiwa mmoja wao, wakisema mirija ile haikuweza kuipasha hewa kiasi hicho. Ubishi huo ni wa kiasi cha joto. Kwamba mafundi wa ziwa hili walijua kuichezea hewa ili kuokoa mkaa, hilo matanuru yenyewe yanalionyesha.

1875 hadi 1901: chombo vipande vipande

Mwezi Februari 1875 Henry Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufukweni katika eneo la Magu ya leo, akiwa na mashua yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Ikaunganishwa Kageye, ikazunguka ziwa kwa tanga na kasia. Mitumbwi ya Wakerewe na Waganda ilikwisha kuyavuka maji hayo kwa vizazi vingi, na nguvu yake ilikuwa ugali na samaki walioliwa na wapiga kasia, pamoja na upepo usiolipiwa na mtu.

Kilichobadilisha mambo ni reli ya Mombasa. Waingereza waliitaka Uganda, na Uganda iko ng'ambo ya maji. Reli isiyokutana na meli ingeishia ufukweni. Ndiyo maana meli ya mvuke William Mackinnon iliyoundwa Scotland ilitangulia kufika Kisumu hata kabla ya treni. Vipande vyake vilibebwa na wapagazi kutoka mwisho wa reli, vikaunganishwa, na ikashushwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Desemba 1901. Tangu siku hiyo hadi leo, karibu kila meli kubwa ya ziwa hili imezaliwa namna hiyo: inatengenezwa mbali, inafunguliwa, inasafirishwa kwa vipande, kisha inaungwa upya ufukweni.

Utaratibu huo uliacha alama kwenye injini pia. Mashine iliyoagizwa kutoka ng'ambo ilichaguliwa na watu waliowaza vipuri vitakavyopatikana na fundi atakayeweza kuitengeneza. Mashine inayokula kidogo kuliko zote haikuwa lazima ndiyo chaguo lao. Injini ya mvuke ilikuwa inavumilia. Ilikubali kuni mbichi, ilikubali mchochea moto asiyejua kusoma, na ikipungua nguvu ilipungua taratibu bila kusimama ghafla.

1902 hadi 1927: zama za kuni

Winifred iliingia majini mwaka 1902, Sybil mwaka uliofuata, kisha zikaja Clement Hill na Nyanza, na karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia zikafika Usoga na Rusinga. Magogo yalikatwa ufukweni, yakapangwa kwa mafungu kwenye vituo vya kupakia, na meli ilipotia nanga wapakizi waliyabeba juu ya ubao hadi chumba cha boila.

Hesabu ya zama hizo ni nzito. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 15 hivi. Meli ya mvuke ya wakati ule iligeuza kuwa kazi kwenye rafadha chini ya sehemu moja ya kumi ya joto lote. Tukichukua asilimia 8, kilo moja ya kuni ilitoa kazi ya megajuli 1.2. Iliyobaki ilitokea kwenye bomba la moshi na kwenye maji ya kupozea mvuke. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alikuwa amekwisha kueleza sababu yake: mashine inayotumia joto haiwezi kupata zaidi ya kile kinachoruhusiwa na tofauti ya joto kati ya upande wa moto na upande wa baridi, na boila la siku hizo halikuwa na moto mkali wa kutosha. Hakuna mchochea moto, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuvuka mpaka huo.

Hata hivyo ziwa lilikuwa na zawadi yake. Maji yake ni matamu. Meli ya baharini ililazimika kulinda boila lake dhidi ya chumvi, ikabeba maji safi au mitambo ya kuyachuja. Meli ya Mwanza iliyachota maji pale pale ilipoelea. Kuni karibu, maji karibu: hapakuwa na sababu ya haraka ya kubadili mashine. Gharama iliangukia msitu wa ufukweni na mgongo wa mpakizi, na hao hawakuwa na mstari wao kwenye daftari la hesabu la kampuni ya reli.

Vita vilipofika ziwani meli hizi zikafungwa mizinga. Novemba 1914 Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita ikaachwa hapo hadi Waingereza walipokuja kuikwamua mwaka 1915. Wajerumani wa Mwanza walikuwa na tagi ndogo iliyoitwa Muansa. Julai 1916 mji ukachukuliwa na Waingereza, na usafiri wote wa ziwa ukawa chini ya uongozi mmoja kutoka Kisumu.

1928 hadi 1961: pamba, reli na dizeli

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Mji ukageuka kutoka kituo cha kandokando na kuwa mlango wa kusini wa ziwa, wenye njia yake hadi Dar es Salaam. Dhahabu ya Geita ikafuata katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia pamba ya Usukuma ikapanda kwa kasi. Wakulima wakajiunga; mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria Federation, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na marobota yakajaa maghala ya bandarini. Mzigo ulipokuwa mkubwa, kila tani ya kuni iliyokaa ndani ya meli ilikuwa tani ya pamba iliyobaki gatini. Hapo ndipo ufanisi ulipopata mtu wa kuulilia.

Jibu lilikuwa limekaa tayari kwa miongo kadhaa. Mwaka 1897, Augsburg, Ujerumani, injini ya Rudolf Diesel ilipimwa ikageuza kuwa kazi asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta yake, wakati injini nyingi za mvuke hazikufika nusu ya hapo. Mwaka 1912 meli Selandia iliondoka Copenhagen kwenda mashariki ya mbali kwa nguvu ya dizeli. Katikati ya karne dizeli za melini zilikuwa zimepita asilimia 35. Turudi kwenye hesabu yetu: kilo moja ya dizeli ina megajuli 43, na kwa ufanisi wa asilimia 36 inatoa zaidi ya megajuli 15 za kazi. Kilo moja ya mafuta ikachukua nafasi ya takriban kilo 13 za kuni, bila wachochea moto, bila majivu, na bila kusubiri boila lichemke tangu alfajiri.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho vitabu vya injini vya Ulaya havikukipa uzito. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na kipulizia hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ikilazimishwa kunywa mafuta ya pwani kwa hewa ya bara hutoa moshi mweusi, ambao ni mafuta yaliyolipiwa yakatupwa. Dawa yake ni kuisukuma hewa iingie kwa nguvu. Mrongo kwenye mvukuto wake angeielewa mara moja.

Mv Victoria ndiyo ilikuwa kilele cha zama hizi. Iliundwa na Yarrow huko Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa vipande hadi Kisumu, na ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Ilibeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kwa wakazi wa Bukoba, Mwanza ikawa safari ya usiku mmoja.

1961 hadi 1977: ziwa moja, karakana moja

Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa mizuri kwa mashine. Katikati ya miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, vivuko vinavyobeba mabehewa ya treni yenyewe. Huo ulikuwa uokoaji mkubwa wa nishati, ingawa haukufanyika ndani ya injini. Behewa lililopakiwa shehena lilisukumwa melini likiwa limefungwa, likashushwa Port Bell au Kisumu bila gunia hata moja kupakuliwa. Kazi isiyofanyika haihitaji mafuta.

Wakati huo karakana kuu, vipuri na mafundi vilikuwa vya nchi tatu kwa pamoja, na moyo wake ulikuwa Kisumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli ziligawanywa: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Karakana haigawanyiki hivyo. Mwanza ilipata meli. Stoo ya vipuri na sehemu kubwa ya ujuzi vilibaki ng'ambo.

1978 hadi 2017: ufanisi unavyovuja

Kipindi hiki hakisemwi sana katika historia za uhandisi, na kwa maoni yangu ndicho chenye mafunzo mengi kuliko vyote. Injini iliyoundwa kutoa asilimia 36 haibaki hapo kwa heshima ya mtengenezaji. Pua ya kupulizia mafuta ikichakaa, mafuta hudondoka badala ya kutawanyika. Pete za pistoni zikilegea, mgandamizo hupungua. Rafadha ikimomonyoka hupiga maji bila kuyashika, na bodi lililoota uchafu huburuta. Kila kimoja huiba kidogo, na vyote pamoja huweza kula faida iliyoletwa na miongo ya uvumbuzi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 magugu maji nayo yalivamia ziwa, yakaziba njia za kuingizia maji ya kupozea injini na kuzonga rafadha kwenye ghuba na mialo.

Tarehe 21 Mei 1996 Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Chanzo hakikuwa injini. Lakini tangu hapo mtu yeyote anayezungumzia meli ya bei nafuu au inayokula mafuta kidogo, mbele ya watu wa Kanda ya Ziwa, analazimika kujibu kwanza kuhusu uzito na uthabiti wake majini.

Nchi kavu mambo yalikwenda sambamba. Mwanza ilipokea umeme wa gridi kutoka mabwawa ya kusini ya mbali, na ukame ulipopunguza maji mji ukaingia gizani. Mwaka 2013 kikaanza kituo cha Nyakato cha megawati 60, kinachochoma mafuta mazito. Injini zake zina ufanisi mzuri. Mafuta yake, hata hivyo, yalitoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000, juu ya malori yaliyochoma dizeli njia nzima. Kosa la zama za kuni lilijirudia katika sura nyingine: hesabu iliishia kwenye mlango wa kituo, na safari ya kuyaleta mafuta ikaachwa nje ya daftari.

2018 hadi leo: chelezo na injini mpya

Septemba 2018 serikali ilisaini mikataba minne kwa pamoja: kujenga meli mpya, kujenga chelezo, na kukarabati meli za Victoria na Butiama. Kazi zilifanywa na kampuni za Korea Kusini pamoja na wenzao wa ndani, Suma JKT wakiwemo. Watu wengi walitazama meli mpya. Mimi nalipa uzito mkubwa zaidi chelezo, kwa sababu bila mahali pa kuipandisha meli, kuisugua bodi na kunyoosha rafadha, injini yoyote inayowekwa itaanza kuvuja ufanisi mwaka wa kwanza. Victoria ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya, na safari ya Bukoba ikafupika. Umoja nayo ilikwisha kurudi mwaka 2018 kubeba mabehewa hadi Port Bell.

Meli mpya, Mv Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, ilishushwa majini Februari 2023. Inabeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Ni ya dizeli. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 likafunguliwa, na vivuko vilivyochoma mafuta mchana na usiku kuvusha magari kati ya Mwanza na Sengerema vikapumzishwa kwenye njia hiyo.

Seli ya fueli, tangu 1839

Sasa tufike kwenye mashine inayovuka mpaka wa Carnot kwa kutopita njia ya joto kabisa. Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria na mwanasayansi wa Wales, alionyesha kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutana kwenye vipande vya platinamu ndani ya tindikali hutoa umeme na maji. Hakuna mwali, hakuna mvuke, hakuna pistoni. Mwaka 1894 mwanakemia Wilhelm Ostwald aliwaambia wahandisi wa Ujerumani kwamba injini ya mvuke ni upotevu wa makaa, na kwamba siku moja fueli itageuzwa umeme moja kwa moja. Alikuwa sahihi kuhusu upotevu na aliharakisha mno kuhusu siku.

Tatizo lilikuwa kwamba seli ya Grove ilitoa umeme mdogo mno. Mwingereza Francis Bacon alianza kuishughulikia mwaka 1932, na ilipofika 1959 alionyesha mtambo wa kilowati 5. Seli za ukoo huo zikaenda mwezini na vyombo vya Apollo, zikiwapa wanaanga umeme pamoja na maji ya kunywa. Katika seli za aina nyingine utando mwembamba wa plastiki ulichukua nafasi ya maji ya kemikali, na mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Los Alamos, Marekani, wakapunguza platinamu inayohitajika kutoka miligramu 4 hivi kwa kila sentimita ya mraba hadi sehemu moja ya kumi ya hapo.

Upotevu haukwisha, umehamia kwingine. Seli moja ya haidrojeni ingetakiwa kutoa volti 1.23, ikipewa mzigo hutoa 0.6 au 0.7. Sehemu hupotea kuiamsha oksijeni, ambayo ni mvivu kuachana na umbo lake. Sehemu hupotea umeme unapopenya utando. Nyingine gesi inaposhindwa kufika haraka palipo na kazi. Kisha pampu, feni na kikandamiza hewa hudai sehemu yao. Mtambo mzima hubaki na takriban nusu ya nishati ya haidrojeni. Kwenye ziwa lenye hewa nyepesi kikandamizi kitafanya kazi kubwa zaidi kuliko Norway, ambako kivuko Hydra kilianza kusafiri kwa haidrojeni mwaka 2023.

Swali la Mrongo linarudi: haidrojeni inatoka wapi? Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeipa nchi umeme ambao saa za usiku wa manane hauna mtumiaji wa kuumaliza, na ziwa lina maji matamu, yaleyale yaliyoyapendeza maboila ya Winifred. Kutenga kilo moja ya haidrojeni kwenye maji hula umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55, na kuikandamiza huongeza chache. Seli ikiitumia kilo hiyo inarudisha kama 16 au 17. Kati ya uniti kumi zilizotoka bwawani, tatu ndizo zinazofika kwenye rafadha. Betri inayochajiwa gatini inarudisha nane au zaidi. Isitoshe, haidrojeni iliyokandamizwa inahitaji nafasi kama mara kumi ya dizeli kwa kazi ileile, na nafasi hiyo huchukuliwa kutoka kwa abiria na mizigo.

Kwa hiyo njia fupi za Ukerewe na visiwa jirani zinastahili betri, na haidrojeni inapaswa kungoja njia ambazo betri hazifiki, yaani Bukoba na Port Bell, hapo bei ya mitambo itakapokuwa imeshuka na mafundi wake watakapokuwa wamesomea hapa nchini. Lipo pia jambo dogo lisilongoja uvumbuzi wowote. Meli ikiwa gatini katika bandari ya Mwanza Kusini, ikiwasha jenereta ya dizeli kwa ajili ya taa, majokofu na pampu, waya mnene kutoka gridi ungeweza kuizima jenereta hiyo tangu jioni inapotia nanga hadi asubuhi inapong'oa.